Kukipima Kipimo: Somo la Sayansi kwa Darasa la Sita

Katika zahanati za Handeni na Korogwe, mtoto mwenye homa hutobolewa kidole, na tone la damu yake hutiwa katika kipimo cha haraka cha malaria. Mistari miwili ikitokea, hupewa dawa. Ukitokea ule wa udhibiti peke yake, chanzo kingine cha homa hutafutwa. Je, twajuaje kwamba kipimo chenyewe chasema kweli? Swali hili lafaa kuwa msingi wa somo.

Ndani ya kipimo mna kingamwili, yaani protini zinazoshika kitu maalumu. Hapa ni protini ya vimelea vya malaria. Kwa kawaida kingamwili hizo hutokana na panya wa maabara, kwa njia iliyovumbuliwa na Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1975. Mstari wa udhibiti hushika kingamwili za panya zenyewe. Kwa hiyo huonyesha tu kwamba majimaji yamepita. Hauthibitishi kwamba vimelea vingegunduliwa. Ndiyo sababu wataalamu hujaribu kipimo kwa damu ijulikanayo kuwa na vimelea, na kwa damu isiyo navyo. Hata hivyo, wako vimelea wasiotengeneza protini hiyo. Waliripotiwa Peru mwaka 2010. Aidha, protini yaweza kubaki katika damu kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona.

Mwalimu hahitaji damu ili kufundisha jambo hili. Zana ni iodini, muhogo mbichi, sukari, ndizi mbichi na ndizi mbivu.

Hatua ya 1: Wanafunzi watie iodini juu ya muhogo. Rangi igeuke nyeusi yenye ubuluu, kwa kuwa muhogo una wanga.

Hatua ya 2: Watie juu ya sukari. Rangi hiyo isitokee.

Hatua ya 3: Sasa wapime ndizi zote mbili, walinganishe na kueleza tofauti.

Vyakula vilivyotiwa iodini visiliwe.

Mwalimu asitaje jibu mapema. Aulize: Kama muhogo usingegeuka rangi, tungeiamini iodini hii? Na kama sukari nayo ingekuwa nyeusi? Mwanafunzi anayeweza kujibu maswali hayo ameelewa kwamba kipimo kisichojaribiwa pande zote mbili chaweza kumnyima mgonjwa dawa, au kuficha ugonjwa mwingine.