Ua linalosubiri giza: kulipanda ni rahisi, ila liwekwe mbali na matembele

Saa kumi na mbili za jioni, wakati jua linazama nyuma ya milima ya Bukavu na watoto wanaitwa warudi ndani ya parseli, kuna mmea mmoja ambao ndipo unaanza kazi. Tumba lake refu, lililojisokota kama mwavuli uliofungwa, linatikisika kidogo, kisha linajifungua mbele ya macho ya mtu. Dakika chache tu, na tayari ni ua jeupe, pana kama kiganja cha mtu mzima, lenye harufu tamu inayofika hadi barazani. Kesho yake jua likipanda, ua hilo limekwisha kunyauka. Jioni inayofuata linafunguka lingine.

Wataalamu wa mimea wanauita Ipomoea alba, jina ulilopewa na Carl von Linné mwaka wa 1753. Wapenda bustani wengi wanasema tu ua la mwezi. Asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika, lakini siku hizi unaota katika inchi nyingi za Afrika, pengine hata bila kupandwa na mtu.

Rangi nyeupe na harufu ya usiku si pambo la bure. Mmea huu unategemea nondo wakubwa wanaoruka gizani, wenye ulimi mrefu unaoweza kufika chini kabisa ya mrija wa ua. Nyuki wa mchana hana lake hapo.

Kuupanda hakuhitaji pesa nyingi. Tatizo la kwanza ni mbegu yenyewe: ganda lake ni gumu, na ikitupwa udongoni hivi hivi inaweza kukaa muda mrefu bila kuota. Dawa yake ni kuikwaruza kidogo kwa karatasi ya msasa, au kwa jiwe kama msasa haupo, kisha kuiloweka katika maji usiku mmoja. Asubuhi ile iliyovimba inafukiwa sentimeta moja au mbili. Chipukizi huonekana kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili. Ni vizuri kuipanda pale pale itakapokaa, sababu mizizi yake haipendi kuhamishwa.

Miche ikae sentimeta 30 hivi kutoka mmoja hadi mwingine, mahali penye jua la kutosha. Huko Lubumbashi, mwanzo wa mvua, kati ya Oktoba na Novemba, ni wakati mzuri; wanaopanda wakati wa kiangazi wawe na bidoni ya maji karibu. Mmea unatafuta kitu cha kupanda: uzio, kamba iliyofungwa toka chini hadi kwenye paa, miti miwili iliyosimamishwa. Usipopewa, utajitafutia, na mara nyingi utachagua mwembe au mparachichi wa jirani. Katika joto la kwetu unaweza kupita mita kumi kwa urefu, na mti mdogo uliofunikwa wote na majani hayo unakosa mwanga. Kuukata kila mara ni sehemu ya kazi.

Mbolea nayo iwe kidogo. Wenye kumwaga samadi kwa wingi wanapata ukuta mzuri wa majani, bila ua hata moja. Taa kubwa ya usalama inayowaka usiku kucha juu yake pia inaweza kuuchelewesha, maana ni mmea unaopima urefu wa giza kabla ya kuchanua. Kwa mara moja, mitaa isiyo na umeme ndiyo yenye bahati.

Jambo linalopaswa kuangaliwa sana ni udugu wake. Ua la mwezi na viazi vitamu ni wa jenasi moja, ndiyo maana majani yake yenye umbo la moyo yanafanana na matembele. Udugu huo una bei. Kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani, ambaye akikomaa anakuwa mmoja wa wale nondo wa usiku, anakula majani ya jamii hiyo yote bila kuchagua. Fukusi wanaotoboa viazi, na virusi vinavyosambazwa na inzi weupe wadogo, vinaweza pia kujificha kwenye mimea ya jamii hiyo wakati shamba limevunwa, halafu kurudi msimu ukianza. Kwa familia inayotegemea mboga na viazi vya nyuma ya nyumba, ua la kupendeza lisipandwe kando ya tuta. Liende upande wa mbele, mbali.

Pia kuna hatari ya chunguni. Mtu anayechuma matembele jioni kwa haraka anaweza kuchanganya majani. Ua la mwezi si mboga, na mbegu zake si za kutafuna. Hatari kubwa zaidi iko kwa wale wanaolichanganya na datura, au na ule mti wenye maua marefu yanayoning'inia kama tarumbeta: mimea hiyo nayo hunukia usiku, lakini ina sumu inayoweza kuua.

Wenyeji wa Mexico ya kale walijua matumizi mengine. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1999 katika jarida la Science ulionyesha kwamba walichanganya utomvu wa mti wa mpira na maji ya mmea huu, wakapata mpira unaodunda, zaidi ya miaka 3.000 kabla ya viwanda vya Ulaya na Marekani. Mkongomani akisikia habari ya mpira na mimea inayotambaa anakumbuka mambo mengine, ya wakati wa Léopold II; lakini ile iliyokamuliwa msituni kwetu ilikuwa ya jamii tofauti, Landolphia.

Ua likishapita, kibweta chake hukauka na kuwa cha kahawia. Vichache vinatosha kwa mbegu za msimu ujao, ziwekwe juu ambako watoto hawafiki. Vingine vikatwe kabla havijapasuka.