Rangi Inayojificha Usoni

Mwaka 1931, katika filamu ya Marekani iitwayo Dr. Jekyll and Mr. Hyde, uso wa mwigizaji Fredric March ulianza kugeuka kuwa wa zimwi mbele ya watazamaji, bila picha kukatizwa. Huo haukuwa uchawi, bali kanuni za mwanga.

March alipakwa usoni rangi maalumu, naye mpiga picha Karl Struss akabadilisha vichujio vya rangi mbele ya lenzi. Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Mistari myekundu, kwa mfano, ikipigwa picha kupitia kichujio chekundu, hung'aa karibu sawa na ngozi, hivyo haionekani. Kichujio kikiwa cha kijani, mistari hiyohiyo hutokea kama makunyanzi meusi.

Siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo. Picha ya rangi inapogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, mhariri huchagua kiasi cha nyekundu, kijani na buluu. Kwa njia hiyo kovu la zimwi hukolezwa au hufichwa. Lakini upele mwekundu wa mgonjwa nao huweza kufifia vivyo hivyo. Basi anayeiamini picha na aulize kwanza: ni mwanga upi ulioruhusiwa kupita?