Chukudu ya Goma: iuzwe au ibaki?

Makumi ya maelfu ya watu hupita kila siku kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière, kati ya Gisenyi ya Rwanda na Goma ya Kongo. Nyanya, maziwa na unga huvuka vichwani, migongoni na kwenye baiskeli za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu. Ng'ambo, mtaani Birere, mizigo mizito hungojewa na chukudu: chombo kisicho na injini, cha mbao za mkaratusi, magurudumu yake yamevishwa mpira wa matairi makuukuu. Mwendeshaji hupiga goti moja juu yake na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Chukudu imara hubeba mamia ya kilo.

Lakini pikipiki zimejaa mjini. Mwenye chukudu aiuze, aongezee pesa, anunue pikipiki?

Wenye magari adimu ya Marekani huumiza kichwa kwa swali hilohilo la kuuza au kubaki nayo. Mwaka 1974 Robert Kiernan alinunua, kwa dola 6,000 hivi, Ford Mustang ya 1968 aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen katika filamu ya Bullitt. Mkewe, mwalimu, alikuwa akienda nayo kazini. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua akitaka kuinunua, Kiernan akakataa. Klachi ilipokufa mwaka 1980, gari liliwekwa kando, likakaa kwa miongo. Januari 2020 mwanawe, Sean, aliliuza mnadani kwa dola milioni 3.74, bila kupakwa rangi upya. Rangi iliyochakaa na alama za kufungia kamera zilisaidia kuthibitisha kwamba ni lenyewe.

Chukudu haina subira hiyo. Mbao huoza, gurudumu hubadilishwa, na hakuna mnunuzi anayeuliza kama lile la mwanzo lipo. Goma imeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, heshima ya haki kabisa, ila sanamu haimpandishii muuzaji bei hata faranga moja. Thamani ya chukudu ni kazi ya kesho.

Kwa hiyo hesabu ifanywe njiani. Kwa safari fupi za tambarare, penye wateja wenye haraka, pikipiki inashinda, mafuta na matengenezo yakishalipwa. Anayeshusha kabichi kutoka Kibumba, kwenye miteremko ya volkeno ya Nyiragongo, ana sababu ya kubaki na mbao zake: kushuka hakumgharimu hata tone la petroli. Kurudi ni kusukuma kwa mikono.