Land Rover Kuukuu na Chumvi ya Bahari

Gari la Land Rover lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Bodi yake ni ya alumini, isiyoshika kutu kama chuma. Lakini chesisi inayoibeba ni ya chuma. Basi hapa Unguja, hasa Mji Mkongwe, hewa ya chumvi huila chesisi kwa chini, na kwa juu gari laonekana zima. Tusidanganyike, maana ikikatika njiani abiria ndio watakaoumia. Tuioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha tuigongegonge kwa nyundo ndogo: palipo na mlio butu pamekwisha kuoza. Twendapo kutafuta spea, tuchukue namba ya chesisi na kile kipande kilichovunjika. Nati nyingi za magari hayo zimepimwa kwa inchi. Spana ya milimita huziharibu.