Mtoi anaandika 71 badala ya 17? Pengine ni Kizungu kinamchanganya

Kama uko Meru na una mtoi wa Gredi 1 hapo kejani, na kila siku anaandika 71 mahali pa 17, tulia kwanza kabla hujampigia kelele. Cheki hivi: Kizungu kinasema "seventeen", saba inaskika kwanza. Huenda anaandika venye ameskia. "Eleven" na "twelve" ndio noma zaidi, kumi imejificha kabisa.

Sasa sema kwa Kimeru: ikumi na imwe. Kumi iko mbele, wazi, halafu moja. Kwa hivyo si ushamba mwalimu akifunza hesabu kwa lugha ya mtaa. CBC, iliyoanza 2019 kwa madarasa ya chini, inataka lugha ya eneo itumike hadi Gredi 3. (Kiswahili nacho kina mtego wake: "ishirini" haionyeshi kumi mbili popote.)

Jioni mpe vijiti 17. Afunge 10 kwa raba mwenyewe, saba viachwe nje, ataje, halafu aandike: fungu 1, vijiti 7. Kitabu kitangoja, bana. Akizoea, mtajie 34 tu, ucheki kama atafunga mafungu matatu.