Saa Mkononi, Karai Kichwani

Mvalishe saa ya mazoezi mama anayetoka bichi ya Sena, kisiwani Mfangano katika Ziwa Viktoria, karai la omena, wale dagaa wa ziwani, likiwa kichwani juu ya ngata. Mkono wa kushoto ameuinua kushika ukingo wa karai, wa kulia umebeba kindoo. Njia ni ya mawe na inapanda, kwa maana Mfangano ni mlima uliosimama majini: ukishauacha ufuo, karibu kila mahali ni juu. Mama huyo atafika nyumbani jasho likimtiririka, na saa iliyo kwenye mkono ule wa kushoto huenda ikawa imemwandikia hatua chache mno kuliko alizopiga.

Saa haina namna ya kuiona miguu. Ndani yake mna kihisi kidogo kinachopima mtikisiko wa kifundo cha mkono, na programu inayotafuta mdundo: mkono mbele, mkono nyuma, mbele, nyuma. Mdundo huo ukisikika, saa inahesabu hatua. Mkono ukitulia, hesabu inalegea hata kama miguu inapanda kilima. Ndiyo maana hata mteja anayesukuma kitoroli ndani ya duka kubwa Nairobi hupunjwa hatua zake. Kinyume chake pia hutokea. Mvuvi anayepiga kasia ameketi, mikono ikienda na kurudi, anaweza kuandikiwa hatua bila kuinua unyayo, na abiria wa bodaboda katika barabara ya mashimo vivyo hivyo.

Hata lile lengo la hatua 10,000 kwa siku, ambalo watu wengi hulifukuza kana kwamba ni agizo la daktari, lilizaliwa sokoni. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Kijapani iitwayo Yamasa ilianza kuuza kifaa cha kiunoni kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina lilivutia, namba ikabaki. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanawake wazee wa Marekani. Waliokuwa wakipiga hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo zaidi kuliko waliopiga 2,700, na faida ikaacha kuongezeka zilipofika kama 7,500. Lakini hao walikuwa wanawake wasiobeba karai. Hatua moja ya mama wa Sena ina uzito mwingine kabisa, na hapo ndipo penye kisa ambacho kila Mkenya mwenye saa hizi angepaswa kukijua.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha makala ya kurasa chache ya Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia Mkenya, pamoja na Norman Heglund, Richard Taylor na wenzao. Walikuwa wamewapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu waliozoea kubeba mizigo tangu utotoni: Wajaluo kwa utosi, Wakikuyu kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Wanawake hao walitembea juu ya mkanda wa mashine huku oksijeni wanayoitumia ikipimwa. Oksijeni haidanganyi: mwili ukifanya kazi zaidi, unaivuta zaidi. Ilionekana kwamba mwanamke aliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia oksijeni ya ziada hata kidogo. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni kilo 12 zinazobebwa kama vile hazipo. Mtungi wa maji wa lita 20 unavuka kiwango hicho, na hapo mwili huanza kulipa, ila unalipia zile kilo zilizozidi tu. Kwa mtu asiyezoea, aliyebeba mzigo mgongoni, gharama hupanda tangu kilo ya kwanza.

Heglund na wenzake walirudi kwenye swali hilo na mwaka 1995 wakaeleza siri yake. Mtu anapotembea, mwili wake hupanda na kushuka juu ya mguu ulio chini, mfano wa bembea iliyopinduliwa: kimo kinageuka mwendo, mwendo unageuka kimo. Katika kubadilishana huko, kwa kawaida nguvu fulani hupotea na misuli huijazia. Wanawake waliozoea mizigo, wakishabeba, hupoteza kidogo zaidi. Utafiti uliofanywa baadaye Afrika Kusini miongoni mwa wanawake wa Kixhosa haukuona nafuu hiyo kwa kila mtu. Baadhi walikuwa nayo, wengine hawakuwa nayo. Ni ustadi, basi, na ustadi hutofautiana. Wale wa utafiti wa mwaka 1986 walikuwa Wajaluo na Wakikuyu, lakini Abasuba wa kisiwa hiki wameishi na Wajaluo kwa vizazi, wengi wao leo huzungumza Dholuo, na karai huku hubebwa kwa kichwa vilevile. Maarifa hayo yote yamo shingoni, kiunoni na katika nyayo. Kifundo cha mkono hakiyajui.

Kwa hiyo ile sehemu ya saa inayotangaza kalori ulizochoma ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Sita kati ya hivyo vilipima mapigo ya moyo kwa kosa la chini ya asilimia 5. Katika kalori, kilicho bora kabisa kilikosea kwa asilimia 27, na kibaya zaidi kwa 93. Tena Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu zinazotumiwa na Wahadza kwa njia ya maji maalumu yanayofuatiliwa mwilini, wakaripoti mwaka 2012 kwamba watu hao wanaotembea mchana kutwa kuwinda na kuchimba mizizi hutumia nguvu, kwa siku nzima, takriban sawa na Wamarekani wa ukubwa ule ule. Yaelekea mwili unaotumia nyingi mahali pamoja hubana matumizi mahali pengine. Saa haina habari na ubanaji huo.

Usiku nao una mambo yake. Omena huvuliwa gizani. Mitumbwi hutoka jioni, taa zikawashwa juu ya maji, na kutoka Mfangano ziwa huonekana kama mji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Wavuvi husubiri omena wakusanyike kwenye mwanga, kisha huvuta wavu, na asubuhi ndipo wanapolala. Saa hukisia usingizi kutokana na mkono kutulia na moyo kupunguza kasi. Udhaifu wake unaojulikana ni kumhesabu mtu aliyetulia macho kuwa amelala, na mvuvi anayesubiri kando ya taa ametulia hasa, ingawa mawimbi yanaweza kuichanganya saa kwa upande mwingine. Asubuhi huenda akapewa alama za usingizi wa usiku ambao hakuulala.

Halafu kuna swali la ngozi, ambalo ni haki kuliuliza. Saa hupima moyo kwa vitaa vya kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani, na kila pigo linapojaza mishipa, mwanga unaorudi hupungua. Melanini, ile rangi ya ngozi yetu, hufyonza mwanga huo pia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2020 haukuona tofauti kubwa ya mapigo kati ya ngozi nyeusi na nyeupe, bali ulikuta makosa yanaongezeka mtu anapojishughulisha. Kipimo cha oksijeni ni jambo jingine. Mwaka huohuo 2020 ilichapishwa ripoti kwamba vifaa vya hospitali vya kubana kidoleni vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi takriban mara tatu zaidi ya weupe. Ikiwa vya hospitali vilikosea hivyo, namba ya oksijeni ya saa ya mkononi nisingeitumia kuamua chochote.

Pamoja na hayo yote, siwezi kumwambia mtu aivue. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wa Chuo Kikuu cha Heidelberg wamewavalisha wakazi wa Siaya, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, saa kama hizi ili kujua joto linavyougusa moyo na usingizi wao. Maswali ya ziwa hili yanastahili vipimo vya ziwa hili. Na mtu anayeivaa mchana na usiku, akiivua tu kuichaji na kuosha ngozi chini ya mkanda, hupata kitu ambacho mvaaji wa mara mojamoja hakipati: mapigo yake ya utulivu, siku baada ya siku. Homa hupandisha moyo, takriban mapigo kumi kwa kila digrii ya Selsiasi. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walirudi kwenye kumbukumbu za saa za watu 32 waliokuwa wameugua Uviko, wakakuta 26 walikuwa na mabadiliko ya mapigo, hatua au usingizi. Kisiwani ambako malaria haijaondoka, moyo uliopanda bila kazi ni sababu nzuri ya kwenda kupimwa damu. Saa haiwezi kuitenga malaria na uchovu. Tone la damu linaweza.

Ila mapigo ya utulivu ya mvuvi wa omena yalinganishwe na nini? Mkesha huyapandisha. Jibu liko angani. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti omena, wavuvi wengi hubaki nchi kavu, na kwa siku hizo chache hulala usiku kama watu wengine. Anayevaa saa Mfangano na aandike namba za siku hizo kwenye daftari, kisha asubiri mwezi mpevu unaofuata, azitazame tena.