Sura ya Tano: Mchagua Mpira Ndiye Mpigaji

Wakati wa mapumziko, kwenye uwanja wa shule yoyote ya Londiani, hutakosa wasichana wanaocheza kati. Wawili wamesimama pande mbili, mpira wa soksi kuukuu uliojazwa matambara unakwenda na kurudi, na wa tatu yuko katikati akiukwepa. Mtazame huyo wa katikati. Hangoji mpira ufike angani ndipo aamue. Angengoja, ungekuwa umeshampata mgongoni. Macho yake yako kwenye bega la mrushaji, kisha kiwiko, kisha kiganja. Bega likiinama, ameshajua mpira utapita chini, na miguu imeshaanza kuruka. Hakuna mwalimu aliyemfundisha hilo. Amelipata kwa kupigwa mara nyingi.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya kupiga mpira wa besiboli. Nusu ya pili iko mteremkoni.

Londiani yenyewe ni nchi ya misitu, viazi na ng'ombe wa maziwa. Ukishuka kuelekea mjini Kericho ndipo chai inapoanza kufunika vilima. Simama kando ya shamba umwangalie mchumaji mzoefu. Vidole vyake vina kasi ajabu, lakini hachumi kila kilicho kijani. Anataka majani mawili na chipukizi. Jani gumu analiacha, kwa sababu likifika kituo cha kununulia litamletea maneno. Chipukizi ambalo halijakomaa analiacha pia. Siku chache zijazo atapita tena mstari uleule, naye atalikuta liko tayari. Kasi ya mikono yake haitokani na pupa. Inatokana na kujua anachokitaka kabla mkono haujashuka.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika besiboli ni kinyume: asiyechagua mpira si mpigaji. Sura hii inaeleza kwa nini, na jinsi mtoto wa miaka 10 au 12 anavyoweza kujifunza kuchagua.

Muda usiotosha

Tuanze na hesabu. Katika ligi kuu ya Marekani, kutoka mahali pa mrushaji hadi kibao cha mpigaji ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 145 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4. Kulizungusha gongo lenyewe huchukua karibu sekunde 0.15. Ukitoa na muda ambao jicho na ubongo huhitaji ili kutambua kinachokuja, kinachobaki cha kuamulia ni kidogo kuliko kupepesa jicho.

Kwa watoto uwanja umefupishwa. Kwenye ligi ya watoto ya Little League umbali huo ni mita 14. Mrushaji wa miaka 12 akirusha kwa kilomita 80 kwa saa, mpira hutumia kama sekunde 0.6. Nafuu ipo kidogo, lakini mtoto naye hana anasa ya muda.

Makocha wengi humwambia mtoto akaze macho kwenye mpira mpaka ugonge gongo. Ni ushauri mwema usiowezekana. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Terry Bahill na Tom LaRitz, walichapisha makala kuhusu macho ya wapigaji. Waligundua kwamba hata mchezaji wa kulipwa huachwa na mpira mita moja na nusu hivi kabla ya kibao, kwa sababu hapo unapita mbele yake upesi kuliko jicho linavyoweza kugeuka. Gongo hukutana na mpira mahali ambapo akili ilikisia utakuwepo. Kupiga ni kukisia, na ukisiaji mzuri huanza mapema, mkononi mwa mrushaji.

Mwaka 2004 ulitokea mfano ambao hadi leo hutajwa. Katika mechi ya maonyesho, Jennie Finch, mrushaji wa timu ya taifa ya Marekani ya softiboli, mchezo ndugu wa besiboli, alisimama mita 13 kutoka kwa Albert Pujols, mmoja wa wapigaji bora wa zama zake. Finch alirusha kwa mkono wa chini, kama sheria ya softiboli inavyotaka. Pujols aliutafuta mpira kwa gongo asiupate, akatolewa. Nguvu alikuwa nazo, na macho yalikuwa yaleyale yaliyompa sifa. Kilichokosekana ni kusoma. Maelfu ya mirusho ya mkono wa juu ilikuwa imemfundisha maana ya kila mzunguko wa bega na kila kona ya kiganja. Mkono wa chini ulimwandikia kwa hati asiyoijua.

Mtoto wa Londiani aliyekulia kwenye raunda, ule mchezo wa shuleni wa gongo na mpira, ana tatizo la Pujols lililogeuzwa. Katika raunda mpira hurushwa kwa mkono wa chini. Siku atakapokutana na mrushaji wa besiboli anayeshusha mpira kutoka juu ya kichwa, atahisi amesahau kila kitu. Hajasahau. Anahitaji tu kuanza kusoma upya, na mchezo wa kati umeshamwonyesha pa kutazama.

Tabia ya mpira mmoja

Raunda ina urithi mwingine mzito zaidi. Kwa sheria zake, mpigaji hupewa mpira mmoja tu ulio halali. Akiupiga au akiukosa, lazima akimbie. Kwa hiyo mtoto hujizoeza kupiga chochote kinachofikika. Akihamia besiboli anakwenda na pupa hiyo, wakati mchezo huu umempa nafasi zaidi: straiki tatu, yaani mirusho mitatu aliyoikosa au mizuri aliyoiacha, ndipo atoke, na mirusho minne mibaya humpa msingi wa kwanza bure bila hata kuinua gongo.

Aliyelieleza jambo hili la kuchagua vizuri kuliko wote ni Ted Williams, mpigaji wa Boston. Mwaka 1941 alimaliza msimu kwa wastani wa .406, yaani zaidi ya mapigo manne yaliyofanikiwa katika kila majaribio kumi. Tangu hapo hakuna aliyefika .400 kwa msimu mzima katika zile ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 aliligawa eneo la straiki, yaani pale mpira mzuri unapopita, katika nafasi 77, kila moja upana wa mpira, na kila nafasi akaiandikia wastani aliotarajia kuupata humo. Katikati aliandika .400. Kwenye kona ya chini, upande wa nje, akaandika .230. Mtu yuleyule, gongo lilelile. Tofauti ni mpira aliokubali kuupiga.

Mtoto hahitaji nafasi 77. Mpe mbili. Kabla ya kuingia, achague nusu moja ya eneo: ya ndani au ya nje, ile anayopiga vizuri zaidi mazoezini. Maadamu hana straiki mbili, mpira ukija nje ya nusu hiyo anauacha, hata kama mwamuzi ataita straiki. Hajapoteza kitu kisichoweza kurudi. Chipukizi la leo linaachwa kwa zamu ijayo. Hesabu ikiwa upande wake, mathalani mirusho miwili mibaya na hakuna straiki, achague zaidi, maana mrushaji ndiye mwenye wasiwasi sasa. Zikifika straiki mbili, mambo yanabadilika. Apandishe mikono kidogo kwenye mpini, afupishe mzunguko, apanue shamba lake. Hapo anachuma chochote ambacho kituo kingekipokea.

Kuna kishawishi kimoja cha nyanda za juu. Hewa nyepesi huurusha mpira mbali zaidi na hupunguza kupinda kwake. Denver, mji wa Marekani ulio kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, unajulikana kwa mipira inayovuka ua. Londiani iko juu zaidi ya mita 2,200. Mtoto akiona mpira mmoja umepotelea kwenye mahindi, atataka kila mmoja uende huko. Ni hapo mwalimu anapaswa kumrudisha kwenye swali la kuchagua.

Pumzi, neno, mkono

Baada ya mtoto kutolewa, maswali mawili yanawezekana. La kwanza ni "Umekosaje?" nalo humfunga mdomo. La pili hufungua mazungumzo:

"Ulikuwa unatafuta mpira gani?"

"Wowote, mwalimu."

Hapo kosa limejitaja lenyewe. Aliyetafuta wowote alilazimika kuamua yote ndani ya sekunde 0.6. Aliyetafuta mmoja alikuwa amefanya kazi kubwa kabla mpira haujatoka. Alibaki na swali la ndiyo au hapana.

Maandalizi ya kabla ya mpira kurushwa ni mafupi, na ufupi huo ndio faida yake. Kwanza, akiwa bado nje ya mstari wa eneo la mpigaji, atazame alama moja kwenye gongo na atoe pumzi polepole, ndefu kuliko aliyovuta. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo na kulegeza mabega, na bega lililokakamaa halizungushi gongo. Pili, ajiambie neno moja: "ndani," au "nje," au "subiri." Akili ya mtoto mwenye hofu haibebi maagizo matano. Tatu, akishaingia, macho yakae kwanza kwenye kofia au kifua cha mrushaji, bila kukodoa, kisha yahamie mahali kiganja kitakapouachilia mpira. Kukodoa kabla ya wakati huchosha macho.

Wazazi na walimu walio pembeni wana sehemu yao, nayo ni kunyamaza. "Inua kiwiko! Piga huo! Mbona umeuacha?" ni sauti tatu zinazopigania nafasi ya neno moja.

Mazoezi mawili hayahitaji fedha. Katika la kwanza mtoto husimama bila gongo, mwenzake akamrushia mipira 20. Kazi yake ni kusema "chuma" au "acha" mapema awezavyo, na mdakaji huhesabu mara alizopatia. La pili ni kupiga magunzi ya mahindi kwa fimbo nyembamba. Watoto wa Jamhuri ya Dominika, nchi iliyotoa wachezaji wengi wa ligi kuu, hucheza mchezo wa mtaani wa kupiga vifuniko vya madumu ya maji kwa mpini wa ufagio. Aliyezoea kukigonga kitu kidogo kinachoyumba huuona mpira kuwa mkubwa kama boga.

Saba kati ya kumi

Kericho ni nchi ya wakimbiaji. Wilson Kiprugut aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, ni mtoto wa huku. Mbio humfundisha mtoto kwamba jasho hulipa: ukizidisha mazoezi, saa itakuonyesha. Besiboli haina uaminifu huo. Mpigaji wa .300 ni mpigaji bora, naye hushindwa mara saba kati ya kumi. Unaweza kuupiga mpira barabara ukaingia moja kwa moja mikononi mwa mlinzi, na mwenzako akaukwaruza tu akafika msingi wa kwanza. Kwa hiyo daftari la mtoto liandike kitu kingine: je, alichagua mpira aliokusudia? Alizungusha kwa mwili mzima? Hayo mawili yako mikononi mwake.

Kushindwa leo hakumalizi mchezo, na Waganda wanajua habari ya kusubiri. Mwaka 2011 timu yao ya watoto ilifuzu kwa fainali za dunia za Little League huko Pennsylvania, lakini ikanyimwa viza. Mwaka 2012 watoto wa mji wa Lugazi wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. Walianza kwa kushindwa, kisha wakaifunga timu ya Oregon 3–2. Mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda ikaifunga Jamhuri ya Dominika 4–1.

Turudi uwanjani Londiani. Mpira wa soksi umempata yule msichana begani, ametoka. Haendi kukaa chini ya mti. Anasimama kando, mikono kiunoni, na macho yake yako palepale yalipokuwa: kwenye bega la mrushaji. Zamu yake itakaporudi, atakuwa amelitazama mara 20 zaidi.